Kiti Nilichompisha Ami

Kama umekuwa nami tangu mwanzo, unajua jinsi Zahid alivyonitoa Pemba kwa ndoa ya haraka, akanileta London, kisha akaniacha kwa talaka ya simu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa. Unajua pia kwamba ami yangu Mbarouk, ndugu yake marehemu baba, alinifungulia mlango wake Wembley siku ambayo milango mingine yote ilikuwa imefungwa. Kama umeanza kunisoma leo, hayo yanakutosha.

Wiki iliyopita nilieleza nilivyokodi jiko la nyuma ya duka la Bi Damyanti, Kingsbury Road, nikawa napikia watu pilau za harusi na hitma. Nikaeleza jinsi halmashauri ya mtaa ilivyotangaza tenda ya chakula cha mchana cha kituo cha wazee, na kwamba tenda hiyo ilitengwa kwa biashara ndogo za hapahapa, za watu ambao kwa kawaida huishia kunusa tu. Niliomba. Wengine wakaanguka, tukabaki wawili.

Hapo ndipo simu ilipolia.

"Naitwa Maureen, niko ofisi ya tenda," ilisema sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili cha Kenya. "Chakula chako kimeonjwa. Wazee wamekipenda. Sasa imebaki kitu kimoja tu. Alhamisi nakuja kuona kama hiyo biashara ni yako kweli."

"Ni yangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi sikuiamini.

"Usiniambie kwa simu. Utanionyesha."

Nilipokata simu, Bi Damyanti alikuwa mlangoni anasikiliza, kama kawaida yake. Bi Damyanti alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake ni kile cha kuuza vitu dukani, hakina mapambo. Mimi ananiita dikri, kama anavyowaita binti zake.

"Anakuja kukagua nini? Sufuria?"

"Anakuja kunikagua mimi."

"Ah." Akavuta kiti akakaa. "Wamechoka kudanganywa, dikri. Kampuni kubwa inachukua mwanamke maskini, inamwita mwenye biashara, inapata tenda. Yeye anapewa sare, wao wanachukua kazi. Sasa wanatazama kila mtu macho mawili."

"Mimi sikuwekwa na mtu."

"Najua mimi. Yeye hajui." Akanyanyua kidole. "Na sikia, nisikufiche. Mwanangu Tushar ananisumbua kila siku. Anataka hili jiko avunje, aweke duka la kutengeneza simu. Nimemwambia subiri tenda. Ukipata, jiko lako. Ukikosa, mimi ni mama yake, nitamkatalia mpaka lini?"

Mpishi wangu Armelle alikuwa pembeni anamenya vitunguu. Armelle anatoka Bukavu, na aliacha kazi ya hoteli kwa neno langu. Nilimwambia tutapata. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena, na kule kutoniuliza ndiko kulikoninyima usingizi.

Basi wakaanza kunifundisha.

"Wewe unaikala hapa," Armelle alisema, akinisukuma kwenye kiti. "Miguu chini. Unamwangalia kwenye macho. Na hauinuke."

"Na nikitaka kuchukua chai?"

"Chai nitaleta mimi. Wewe ni patroni, mwenye kazi. Hata kukiingia nani, hauinuke."

"Na usijibu na kanga mdomoni," Bi Damyanti akaongeza. "Unakula kanga kama mbuzi."

Tulicheka wote watatu. Nafikiri ndiyo mara ya mwisho kucheka pamoja mle ndani.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na hilo walilijua wote wawili. Ami asije.

Ami ndiye anayeendesha vani yangu siku asizokwenda kwenye ghala analofanyia kazi kule Hayes. Anapeleka vyakula, anarudi, anakula, anasifu. Hajawahi kuniuliza nimenunua nini wala nimeuza kwa nani. Lakini ami akiingia mahali, mahali panakuwa pake. Si ubaya. Ndivyo alivyo.

"Mwambie asije," Bi Damyanti alisema. "Maneno mawili tu."

Nilikwenda nayo nyumbani kwa ami, nilikokuwa nakaa, maneno hayo mawili. Niliyasema bafuni, bomba limefunguliwa. Niliyasema nikikuna nazi. Tulipokaa kula, ami akanitangulia.

"Nasikia Alhamisi kuna mgeni wa serikali."

"Ndiyo, ami."

"Nimeomba ruhusa kazini."

"Ami, si lazima."

"Si lazima nini?"

"Si lazima ujichoshe."

Alinitazama kwa huruma, akanisogezea kipande cha samaki kilichokuwa upande wake. "Mgeni mkubwa kama huyo aje apokewe na mtoto wa kike peke yake, kama hana wenyewe? Watu watasema nini? Baba yako angenisema nini? Kwa ajili yako sichoki, mwanangu."

Mtu kama huyo unamwambiaje asije? Nilikula samaki wake.

Alhamisi Maureen alifika peke yake, mwanamke wa makamo, viatu vya raba, mkoba begani. Bi Damyanti alikuwa ameleta kiti cha pili kutoka dukani, cha mgeni. Mimi nilikaa kwenye changu. Armelle alileta chai, akasimama karibu na sinki, akanikazia macho.

"Samaki unanunua wapi?" Maureen akaanza.

Nikamwambia. Sauti ilitetemeka mwanzo, kisha ikatulia, kwa sababu mambo ya samaki nayajua.

"Mpishi wako akiugua ghafla?"

"Ninaingia mimi. Na Bi Damyanti ana mpwa wake, ameshafanya na sisi mara nyingi."

"Umewahi kukataa kazi?"

"Ndiyo. Harusi moja ya Hayes. Walitaka kuniletea nyama wenyewe, na hawakutaka kuniambia imetoka wapi. Nikakataa."

"Nani alikwambia ukatae?"

"Hakuna. Nilikataa tu."

Hapo Maureen akatabasamu, mara ya kwanza. Akaiweka kalamu chini. "Hebu nionjeshe hayo maharage ya nazi yanayonukia hapo basi, kabla sijaambiwa nimekula rushwa."

Armelle alikuwa tayari ameshika upawa. Mwenyezi Mungu ni shahidi, kama dunia ingesimama dakika ile, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ilitangulia harufu ya udi, halafu ami. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti juu yake, kofia ya viua aliyooa nayo, na viatu vilivyong'arishwa.

"Asalaam aleikum."

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Nilijikuta nimesimama, nimeivuta kanga kichwani, nimeinama nimeubusu mkono wake. "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Na kiti changu kilikuwa wazi, na yeye ni mkubwa, na viti vilikuwa viwili tu. Akakaa. Mimi nikarudi nyuma nikasimama ukutani, mikono nimeikunja mbele, kama nilivyosimama maisha yangu yote wakubwa wanapozungumza.

Kule kwenye sinki Armelle alifumba macho.

Maureen alinitazama, akamtazama ami, akaichukua tena kalamu.

"Na huyu mzee ni nani?"

"Mimi ndiye mwenyewe wake," ami alisema kwa furaha. "Niulize lolote, mama, usione tabu."

"Vani iliyo nje ni ya nani?"

"Yetu hiyo."

Vani ni yangu. Niliinunua kwa mahari yangu na pilau zangu.

"Na bei mlizotuletea, aliziweka nani?"

"Tulikaa tukaziweka."

Ami hakuzijua hata bei zenyewe. Hakuwa anasema uwongo, wasomaji wangu. Kwake yeye, cha mtoto wa ndugu yake ni chetu, kama njaa yangu ilivyokuwa yetu siku alipokuwa na mkate mmoja akaukata katikati. Na mimi nilikulia mahali ambapo humwambii ndugu wa baba yako mbele ya mgeni kwamba amekosea. Ukimwambia, mgeni mwenyewe atakuonea aibu.

"Uzuri wa biashara hii, mama," ami aliendelea, na alikuwa amepata moto sasa, "ni kwamba ina mwanamume nyuma yake. Huyu mtoto, maskini, hata darasa la saba hakumaliza. Angekuwa peke yake ningekwambia mwogopeni. Lakini hayuko peke yake. Na ana utiifu, utiifu ambao hapa London huupati tena. Nikimwambia simama, anasimama."

Na kweli nilikuwa nimesimama.

Maureen alinigeukia. Alizungumza polepole, kama mtu anayemtengea mwenzake nafasi ya kupita.

"Mardhiya. Nakuuliza wewe. Mzee akikwambia kesho ulifunge jiko hili, utalifunga?"

Ami akacheka. "Kwa nini nimwambie afunge?"

"Nimemuuliza yeye, mzee wangu."

Jibu lilikuwa fupi. Sifungi. Mtoto mdogo angeweza kulisema. Nilimtazama ami, yeye akanitazama kwa mapenzi, akisubiri nimpe heshima yake mbele ya mgeni, yeye aliyeukosa mshahara wa siku ili aje kunitafutia mimi heshima yangu.

"Ami hawezi kuniambia hivyo," nikasema.

"Sijauliza kama anaweza."

Macho yangu yakashuka chini, yakabaki huko.

Maureen alifunga mkoba. Maharage hakuyaonja. Alimpa ami mkono, akamshukuru Armelle kwa chai, akatoka kwa mlango wa dukani.

Nilihesabu pumzi, kisha nikamfuata. Nilimkuta kituo cha basi, mbele ya duka la sari.

"Mama."

"Niite Maureen."

"Mama Maureen."

Alitaka kucheka, akashindwa. "Unaona sasa? Hata hilo huwezi."

"Jiko ni langu. Wallahi ni langu."

"Mimi najua ni lako. Nilijua uliponiambia ile ya nyama." Akahamisha mkoba bega la pili. "Kwetu Meru, baba yangu akiingia, mimi na hiki cheo changu naamka. Hicho kiti namwachia. Kwa hivyo usifikiri sijaelewa nilichokiona."

"Basi waambie wakubwa zako hivyo."

"Niwaambie nini? Kwamba aliamka kwa sababu ya adabu? Watauliza, haya, adabu tumesikia, lakini nani anaamua? Nitawajibu vipi, na wewe mwenyewe umeshindwa kunijibu?"

Nikatazama sari za dirishani.

"Wacha nikwambie kitu," alisema. "Mwaka jana kulikuwa na tenda ya usafi. Nikamtembelea mwanamke mmoja. Alikaa kwenye kiti kama amezaliwa nacho. Kila swali, jibu. Hata mimi alinikatiza. Nikasema, huyu ndiye. Kumbe ni karani wa kampuni kubwa, wamempamba wakamkalisha pale. Nilimpitisha mimi, kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo kila ninachokipitisha kinapitiwa tena. Na sasa nikuletee wewe, ambaye tunaongea lugha moja? Watasema nini?"

"Yule alidanganya, ukampa," nikasema. "Mimi sijadanganya, unaninyima."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sijawahi kumsemesha hivyo mtu mzima.

Basi likafika, likafungua mlango. Maureen hakupanda. Dereva alitusubiri kidogo, akaondoka.

"Sijakunyima bado," alisema hatimaye. "Jumatatu kuna kikao. Watu watatu, mimi nitakuwa mkalimani tu. Njoo ueleze kwa kinywa chako. Na uje peke yako."

"Niseme nini?"

"Useme kwamba mzee hana sauti kwenye biashara hii. Kwamba ni dereva, basi. Hivyo hivyo, bila kuzunguka."

"Nikisema, ami atajua?"

"Watampigia simu athibitishe. Kwa hivyo usiende ukifikiri utamficha." Akanigusa mkono. "Pole, dadangu. Yule mwingine mliyebaki naye hana ami."

Nilirudi kwa mlango wa nyuma. Nilisikia kicheko cha ami kabla sijaingia.

Alikuwa bado kwenye kiti, sahani mapajani, anakula yale maharage. Simu yake ilikuwa mezani inalia kila mara. Alikuwa ameshawatumia ujumbe watu wote wa kwetu walioko London, na sasa zilikuwa zinaingia hongera.

"Njoo, njoo. Umeona alivyonisikiliza? Mama wa watu mwelevu sana yule. Tumeshaipata hii."

"Ami, bado."

"Bado makaratasi tu. Nimewaambia wale wa Hayes, mwezi ujao wasinitegemee." Alijipangusa mdomo. "Nimeanza kuwaza. Kule kituoni nitakwenda mimi kuzungumza nao, wewe watu huwawezi. Wewe ubaki na masufuria yako. Na haya mambo ya nazi kila siku tuyapunguze, wazee wana maradhi ya moyo."

Bi Damyanti alikuwa amesimama mlango wa dukani. Alinitazama tu.

"Na mimi, mzee?" Armelle aliuliza, hakugeuka kutoka kwenye sinki.

"Wewe tutaona, binti. Kuna mtoto wa rafiki yangu anatafuta kazi."

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika. Armelle aliifunga koki, akakausha mikono, akageuka kunitazama. Ile siku ya hoteli alinitazama vilevile, nikamwambia tutapata.

Mpaka dakika ile, wasomaji wangu, nilikuwa nimeamini Maureen amekosea. Nilipomwona ami anapanga nani abaki na nani aondoke, akiwa na mdomo mtamu na kijiko changu mkononi, nikaona kwamba yule mama alichokiogopa kilikuwa hakijakuwapo alipoingia. Kilikuja nilipoinuka.

"Ami," nikasema. "Jumatatu kuna kikao."

"Vizuri. Nitaomba ruhusa tena."

"Nakwenda mimi."

"Nitakupeleka."

"Nakwenda peke yangu, ami."

Kijiko kilisimama hewani.

"Wataniuliza nani anaamua hapa," nikaendelea. "Nitawaambia naamua mimi. Na Armelle haendi popote. Na wewe watakupigia simu, nakuomba uwaambie ndivyo ilivyo. Kwa sababu ndivyo ilivyo."

Bi Damyanti alirudi dukani taratibu bila kuaga. Simu ya ami ililia tena mezani, hongera nyingine, naye hakuitazama.

"Mbele za watu," alisema.

"Ndiyo, ami."

"Useme mimi sina neno kwako."

Nilitaka kumwambia si kwangu, ni kwenye jiko tu. Nilitaka kumwambia kila kitu kingine ni chake, mpaka pumzi ninayovuta. Lakini nilijua nikifungua mdomo tena nitalia, na nikilia nitamwomba radhi, na nikimwomba radhi yatakuwa yamekwisha.

Aliiweka sahani chini. Alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa chake mwenyewe, akainuka, akaiweka sawa kofia yake. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta amebadilishiwa kufuli.

Alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza kwa upole, kwa sauti ileile anayoniulizia kila siku kama nimekula:

"Na Jumatatu usiku, mwanangu, utalala wapi?"